Hatia ya Kundi

Mtu aendaye kwa miguu kutoka Kivukoni mpaka Kariakoo hupita miji mitatu kabla jasho halijamtoka. Kwanza huuona upande wa pwani wenye majumba ya serikali, miti mikubwa na njia pana, ambao wazee waliuita Uzunguni. Kisha huingia katika mitaa ya maduka na ghorofa zilizobanana, ambayo iliitwa Uhindini. Halafu hufika Mnazi Mmoja, mahali palipo wazi, na akisha kuvuka pale huwa amefika Kariakoo, mlango wa Uswahilini. Majina hayo hayana tena nguvu ya sheria, na watu wa kila namna wamechanganyika katika mitaa yote mitatu. Lakini ardhi haikusahau. Uwazi wa Mnazi Mmoja haukuachwa kwa ajili ya kupunga upepo tu. Uliachwa pia kwa sababu ya hesabu: walikuwapo watu walioamini kuwa wameona uhusiano baina ya kundi la wanadamu na maradhi, na imani hiyo wakaichora katika ramani ya mji.

Swali linalozaliwa hapo si la wapimaji wa ardhi peke yao. Hesabu ikionyesha kuwa maradhi fulani yanapatikana zaidi katika kundi moja kuliko jingine, ni nini hasa kilichojulikana juu ya kundi lile? Na baada ya kujulikana, ni nini kinachoruhusiwa kutendewa watu wake? Nusu ya swali hili ni ya hesabu na nusu ni ya haki. Aghalabu nusu ya kwanza huachiwa wenye kalamu na majedwali, na nusu ya pili huachiwa wenye mimbari na mabaraza, na kila upande hudhani kuwa mwenzake amekwisha kuitazama kazi yote.

Historia yake inaweza kusemwa kwa maneno machache. Mwezi Agosti 1897 Ronald Ross, tabibu wa jeshi katika Bara Hindi, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka ule ule Robert Koch alikuja Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Wajerumani, akaendelea na uchunguzi wake hata mwaka 1898. Mwaka 1901 daktari Ollwig alitumwa hapo hapo kulijaribu shauri la Koch, nalo lilikuwa kuipima damu ya wakazi na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Shauri hilo, pamoja na ukali wake, lilimtazama mtu mmoja mmoja. Damu ilipimwa, na isipokuwa na kitu mwenyewe aliachwa. Walakini lilikuwapo shauri jingine, jepesi zaidi kwa mtawala. Stephens na Christophers, wajumbe wa tume ya malaria ya Royal Society ya London, waliona katika Afrika Magharibi kwamba watoto wa wenyeji walibeba vimelea kwa wingi. Basi mwaka 1900 wakashauri kuwa Mzungu akae mbali na nyumba za wenyeji. Freetown ilipata kitongoji chake cha Wazungu juu ya kilima mwaka 1904. Katika shauri la kwanza damu ndiyo iliyoulizwa. Katika la pili ngozi ilijibu kwa niaba ya damu.

Dar es Salaam ilipoingia mikononi mwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walikuwa wamepiga kambi mahali ambapo kutokana na jina lao paliitwa Kariakoo. Mwaka 1924 mji uligawanywa katika kanda tatu. Kwa maneno ya kanuni, kanda zilitofautishwa kwa aina ya majengo na si kwa rangi ya watu, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa na ubaguzi wa wazi ungeleta maswali. Kwa matendo, kila mtu alijua kanda ipi ni ya nani. Kati ya kanda ya pili na ya tatu paliachwa uwazi, na afya ikawa moja ya hoja zilizotolewa kuutetea. Hoja hiyo ilikuwa na tundu ambalo hata mtoto angaliliona. Uzunguni hapakukosa Waafrika usiku. Wapishi, walinzi na watumishi walilala nyuma ya nyumba za mabwana zao, na mikono iliyotandika kitanda na kukishusha chandarua ilikuwa mikono ya lile kundi lililosemekana kuwa ni hatari kulikaribia.

Lakini haitoshi kuwacheka watu waliopita. Afadhali kuitazama hoja yao katika umbo lake lililo bora, kama ambavyo ingeletwa leo na mwanafunzi mwenye bidii aliyekwenda mitaani na daftari, akapima damu za watu kwa uaminifu, akarudi na jedwali. Na ichukuliwe mfano wa kubuni, usio na mtaa wa kweli ndani yake. Watu 200 wamepimwa, 100 katika mtaa wa kwanza na 100 katika mtaa wa pili. Katika mtaa wa kwanza 20 wamekutwa na vimelea, na katika mtaa wa pili 40. Jedwali lina vyumba vinne: wagonjwa 20 na wazima 80 upande huu, wagonjwa 40 na wazima 60 upande ule. Je, mtaa na maradhi vina uhusiano, au ni bahati tu ya siku ile?

Njia ya kuujibu ulizo huo ilitolewa na Karl Pearson mwaka 1900, nayo huitwa jaribio la kai mraba. Huanza kwa kudhani kuwa hapana uhusiano wowote. Kama mtaa haukuwa na neno na maradhi, basi wagonjwa wote 60 katika watu 200 wangegawanyika sawa, 30 huku na 30 kule, na wazima 70 huku na 70 kule. Hizo ndizo idadi zilizotarajiwa. Zilizoonekana zimeachana nazo kwa 10 katika kila chumba. Tofauti ya kila chumba huzidishwa kwa yenyewe, ikawa 100, kisha hugawanywa kwa idadi iliyotarajiwa: 100 kwa 30 katika vyumba viwili vya wagonjwa, na 100 kwa 70 katika vyumba viwili vya wazima. Jumla yake ni 9.52. Jumla hiyo hulinganishwa na kizingiti kilichozoeleka cha 3.84, ambacho bahati tupu hukivuka mara tano tu katika mia. Kwa kuwa 9.52 imekipita mbali, dhana ya kutohusiana hutupwa. Kizingiti hicho cha jedwali la vyumba vinne kilithibitishwa na R. A. Fisher mwaka 1922, alipoonyesha kuwa Pearson alikosea katika kuhesabu uhuru wa jedwali: ukisha kuzijua jumla za pembeni, chumba kimoja tu ndicho kilicho huru, na kikijazwa vitatu vilivyobaki hujijaza vyenyewe.

Mwendo wa jaribio hili una adabu ya mahakama ndani yake. Mshtakiwa huingia akiwa hana hatia, na mzigo wa ushahidi huwa juu ya anayeshtaki. Anayedai kuwa mtaa wa pili una maradhi zaidi hawezi kusema kuwa yeye ameona kwa macho, au kwamba kila mtu anajua. Hulazimika kwanza kuipa bahati nafasi yake. Watu wangapi wametukanwa, wamehamishwa na kuchomewa vibanda kwa ushahidi ambao usingelivuka hata kizingiti hiki kidogo! Chukua jedwali lile lile, ulipunguze liwe la watu 20, 10 kila mtaa, wagonjwa 2 huku na 4 kule. Uwiano haukubadilika; mtaa wa pili una wagonjwa mara mbili ya mtaa wa kwanza. Lakini hesabu sasa hutoa 0.95, chini kabisa ya kizingiti. Tena idadi zilizotarajiwa ni ndogo mno, watu 3 katika vyumba viwili, hata jaribio lenyewe halistahili kuaminiwa, na Fisher ana njia nyingine kwa majedwali madogo ya namna hiyo. Jirani anayesema kuwa wagonjwa wanne katika watu kumi wamemtosha kuujua ule mtaa ni shahidi wa namna hii. Na kinyume chake ni sharti kisemwe pia: jaribio lililoshindwa kuona uhusiano halikuthibitisha kuwa haupo. Hakimu akimwachia mtu kwa kukosa ushahidi hakusema kuwa mtu yule ni malaika.

Mfano wa mahakama, hata hivyo, hufika mahali ukakatika. Mahakama humhukumu mtu kwa tendo lake. Jedwali halimjui mtu yeyote, wala halimtaji aliyetenda. Linasema tu kuwa safu hii na safu ile hazikukutana kwa bahati. Hapo ndipo lilipo kosa la kale, ambalo umri wake ni mkubwa kuliko jaribio lenyewe na ambalo jaribio halikulitibu: kusoma neno uhusiano na kusikia neno hatia.

Mwanafunzi yule na arudi katika daftari lake. Mbali na mtaa na damu, aliandika jambo la tatu ambalo hakulitia katika jedwali: kama nyumba iko karibu na dimbwi la maji yaliyosimama au iko mbali. Sasa analigawa jedwali kwa jambo hilo. Kati ya watu wakaao mbali na dimbwi, mtaa wa kwanza una watu 80, na wagonjwa ni 8; mtaa wa pili una watu 40, na wagonjwa ni 4. Ni kumi katika mia pande zote mbili. Kati ya wakaao karibu na dimbwi, mtaa wa kwanza una watu 20, na wagonjwa ni 12. Mtaa wa pili una watu 60, na wagonjwa ni 36. Ni sitini katika mia pande zote mbili. Msomaji na ajumlishe mwenyewe: 8 na 12 ni 20, 4 na 36 ni 40. Jedwali ni lile lile. Hakuna mtu hata mmoja aliyeongezwa au kufutwa. Uhusiano wa mtaa na maradhi uliokuwa na nguvu ya 9.52 umetoweka kabisa, na kilichobaki ni dimbwi.

Hesabu ya kwanza haikuwa ya uongo, na hili ni la kushikwa sana. Ni kweli mtaa wa pili ulikuwa na wagonjwa wengi zaidi, na ni kweli haikuwa bahati. Uongo uliingia baadaye, katika kitenzi. Aliyesema kuwa mtaa wa pili umepatwa alisema kweli. Aliyesema kuwa mtaa wa pili unaleta alisema jambo ambalo jedwali halikumwambia. Na kama watu wa mtaa wa pili wanakaa karibu na madimbwi kwa sababu mipango ya mji iliwapa ardhi ya bondeni na kuwanyima mitaro, basi jedwali lile lilikuwa ni ushahidi juu ya mpangaji, nalo limesomwa kama ushahidi juu ya aliyepangiwa. Anayeijua Dar es Salaam hahitaji kuambiwa mengi. Ng'ambo ya Kariakoo liko bonde la Msimbazi, na kila masika yakiwa makali Jangwani hulala chini ya maji.

Yuko mtu aliyeliona jambo hili mapema, naye hakuwa na jaribio la Pearson. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoiingia London, daktari John Snow alikuta kusini mwa mji mitaa ambayo ilipata maji kutoka kampuni mbili. Mabomba yao yalipita njia moja, hata nyumba mbili jirani ziliweza kunywa maji mbalimbali, matajiri na maskini wakiwa wamechanganyika kwa kampuni zote. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilichota maji katika Mto Thames mahali penye uchafu wa mji. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamia juu ya mto penye maji safi zaidi. Snow akahesabu. Nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza zilikuwa na vifo 1,263; nyumba 26,107 za kampuni ya pili zilikuwa na vifo 98. Ni vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili. Ubora wa kazi ile haukuwa katika ukubwa wa tofauti. Ulikuwa katika kuchagua makundi. Watu wa zama zake walikuwa wakiwagawa wagonjwa kwa umaskini, kwa ulevi, kwa hewa ya mtaa na kwa tabia. Snow aligawa mabomba. Kundi lililoshtakiwa katika jedwali lake halikuwa na mtu hata mmoja.

Basi kabla ya kuhesabu kuna kugawa, na anayegawa hufanya kazi ya maadili, ajue asijue. Nani aliyechora mistari ya jedwali? Tarehe zinasema kuwa mwaka ule ule wa 1897 hospitali ya Wajerumani ilifunguliwa kando ya bahari kwa ajili ya Wazungu, mahali ambapo sasa pana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Na kwamba Sewa Haji, tajiri aliyefariki mwaka huo, alikuwa ametoa fedha za hospitali nyingine iliyowatibu Waafrika na Wahindi. Milango miwili, vitabu viwili vya wagonjwa. Mtu akivilinganisha vitabu hivyo atapata tofauti nyingi zitakazoshinda kila kizingiti, na hatajua kama amelinganisha maradhi au amelinganisha milango. Mzungu mwenye homa ndogo alifika hospitali asubuhi. Mchukuzi wa bandarini alifika akiwa amebebwa, au hakufika. Kitabu cha hospitali humwandika aliyekuja. Waliokufa majumbani kwao hawana chumba katika jedwali.

Lugha nayo hugawa kabla ya tabibu. Katika Kiswahili cha watu wengi neno homa lilibeba joto la mwili na malaria kwa pamoja, na mtu akisema ana homa alikuwa amekwisha kujipima. Desturi hiyo ilipanda mpaka kwenye meza za matabibu. Kila mtoto mwenye joto aliandikiwa dawa ya malaria, naye aliandikwa kitabuni kuwa ni mgonjwa wa malaria, na kitabu kilipelekwa juu kuwa ni takwimu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa waliofika katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa mtoto mmoja tu katika kumi, au zaidi kidogo. Wengi wao walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi. Kwa upande mwingine lipo neno degedege. Mtoto akishikwa na kifafa cha homa kali, wazee wengi wa pwani hawakuliweka jambo hilo katika chumba cha homa hata kidogo. Waliliweka katika chumba cha mashetani, na mtoto alipelekwa kwa mganga hali vimelea vya malaria vimo ubongoni mwake. Hapa kosa la kugawa halikumwonea mtu wala halikumtukana. Lilimwua tu.

Wale walioitengeneza mizani yenyewe hawakuwa bora kuliko wengine katika kuitumia. Pearson alikuwa mshika kiti wa elimu ya kuboresha mbegu za wanadamu katika University College ya London tangu mwaka 1911, na mwaka 1925 alichapisha, pamoja na Margaret Moul, uchunguzi juu ya watoto wa wahamiaji Wayahudi uliokusudia kuonyesha kuwa kundi lile kwa wastani lilikuwa duni. Mtu aliyewafundisha walimwengu kuipa bahati haki yake hakuwapa haki watoto wale. Fisher naye alianguka upande wa pili. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walilinganisha wanaume 649 wenye saratani ya mapafu na wengine 649 wenye maradhi mengine. Wasiovuta tumbaku walikuwa 2 tu katika kundi la kwanza na 27 katika la pili. Ushahidi ulipozidi kukusanyika kutoka kila upande, Fisher, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko, alishikilia kuwa huenda liko jambo la tatu katika damu ya urithi, limfanyalo mtu apende tumbaku na limfanyalo apatwe na saratani.

Hoja ya jambo la tatu, ambayo katika mfano wa dimbwi iliwaokoa watu, hapo ilitumika kuiokoa sigara. Kwa hiyo haifai kusema kuwa mwenye shaka ndiye mwema siku zote na mwenye kuamini jedwali ndiye dhalimu. Shaka inayotafuta dimbwi huchukua daftari ikatoka kwenda kulitafuta. Shaka isiyotafuta kitu, ambayo hukaa kitini ikiomba ushahidi mwingine kila ushahidi unapoletwa, ni kimbilio tu, na wagonjwa wa saratani waliokwisha kulazwa katika jengo lile la Ocean Road hawana faida nayo.

Hapa hujitokeza pingamizi lenye uzito kuliko yote. Yamkini mtu aseme: maradhi hayangoji. Kipindupindu kikiingia mjini, kama kilivyoingia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, mtawala hana nafasi ya kugawa jedwali mara tatu. Na asipotenda, watu watakufa huku yeye akitafuta jambo la nne. Ni kweli. Lakini kutenda ni kwa namna nyingi, na mzigo wa kila tendo hubebwa na mtu fulani. Snow alipowashauri wakuu wa mtaa wa Soho waondoe mpini wa bomba la Broad Street mwaka ule wa 1854, ushahidi wake ulikuwa haujawaridhisha wengi. Kama angalikuwa amekosea, hasara ingalikuwa ni watu kutembea mbali kidogo kuchota maji. Mtu akikausha dimbwi kwa kudhani tu kuwa ndilo lenye makosa, na kumbe silo, amepoteza koleo na siku ya kazi. Lakini akiwahamisha watu kwa dhana hiyo hiyo, au akawazuia soko, au akawapa jina baya ambalo wajukuu wao watalikuta, hasara ya kosa lake haibebi yeye. Wepesi wa ushahidi unaotosha kwa tendo la kwanza hauwezi kutosha kwa tendo la pili, hata kama kai mraba yao ni moja. Kizingiti cha 3.84 hakijui ni nani atakayelipa, na anayekitumia ndiye anayetakiwa kujua.

Majina mabaya yana maisha marefu kuliko maradhi. Ukimwi ulipotambuliwa Tanzania mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walikuwa wa Kagera, na watu wa kule waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa na kuuzwa na wafanya magendo wa mpakani. Uhusiano waliouona haukuwa wa kubuniwa: biashara, safari na maradhi vilikwenda pamoja. Lakini jina lilikwisha kutoa hukumu. Mwanamke aliyekuwa na gauni la kitambaa kile alishukiwa, na mhudumu wa baa alihesabiwa kuwa ni chanzo kabla hajapimwa, wakati mume aliyerudi nyumbani kutoka safari hakuwa na kundi lililoandikwa jina lake. Wengi waliugua kwa siri wakafa kwa siri, kwa sababu kwenda kupimwa kulikuwa ni kujiandikisha katika chumba cha walaaniwa.

Dar es Salaam yenyewe imekwisha kutoa mfano wa kugawa kwingine. Mwaka 2004 mji ulianzisha mpango wa kupambana na malaria katika kata 15. Haukuchora kanda za watu. Ulitumia mipaka ya mitaa na nyumba kumikumi ambayo wananchi walikuwa wanaijua, na wakazi wa mahali pale pale wakapewa kazi ya kuyazungukia maji yote yaliyosimama katika eneo lao: mitaro iliyoziba, mashimo ya msingi wa nyumba isiyokwisha kujengwa, matuta ya mboga, nyayo za magari katika tope. Kila maji yaliandikwa, na mbele ya kila maji iliandikwa kama yana viluwiluwi au hayana. Kuanzia mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilitiwa, kata tatu kwanza, kisha nyingine zikafuata; na wachunguzi waliolinganisha kata zenye dawa na zisizokuwa nayo walikuta maambukizo yamepungua penye dawa. Safu za jedwali lao zilikuwa mbili, maji na viluwiluwi, na Uhindini na Uswahilini havikuwa na mahali pa kuandikwa humo.

Wenye kufanya kazi hiyo walikwenda na kata yenye mpini mrefu, wakachota, wakasubiri maji yatulie, wakahesabu.